UZI: Nina Sh 2,500, nataka magurudumu ya skeitibodi ya maana. Niko Kisumu, barabara zetu mnazijua

Omera_wa_Kondele · Jumanne, saa 2:10 usiku

Wadau, nawasalimu. Nimekuja na shida mbili, moja ya mfuko na nyingine ya magoti.

Nina skeitibodi ya supamaketi, aliniachia binamu yangu alipohamia Mombasa. Ubao bado una nguvu. Traki, vile vyuma vya chini vinavyoshika magurudumu, nilimwonyesha fundi baiskeli hapa stejini, akazikwaruza na bisibisi, akasema ni alumini, nisizitupe. Shida ni magurudumu. Hayo ni plastiki tupu. Kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa yanateleza kama kipande cha sabuni, kwenye kabro meno yanagongana mpaka huwezi hata kupiga mluzi. Juzi natelemka kuelekea mjini, kijiwe cha saizi ya harage kikakaba gurudumu la mbele. Ubao ulisimama. Mimi niliendelea. Muuza mahindi choma aliniinua, akanipangusa vumbi, halafu akaniuliza, "Na lile hindi lako, nipake pilipili?"

Nina Sh 2,500 nilizoweka kutokana na kuosha pikipiki. Nikiingia mtandaoni naona namba tu: 52, 54, 60, 78A, 99A, 101A, 83B. Kila muuzaji anasema yake ndiyo ya mabingwa. Matumizi yangu ni haya: asubuhi naenda chuo, kama kilomita 3 za lami na kabro, jioni najaribu kuruka oli (unaruka na ubao bila kuushika kwa mikono) na wenzangu kwenye saruji laini. Ninunue nini?

NaxVumbi · saa 2:31 usiku

52 mm, 99A. Funga uzi.

Omera_wa_Kondele · saa 2:33 usiku

Si uniambie kwa nini?

NaxVumbi · saa 2:46 usiku

Kwa sababu ndiyo inayotumika mitaani karibu kila mahali. 50 hadi 53 ni nyepesi, ubao unakaa chini, oli inatoka haraka. 99A ni ngumu, unaweza kuusukuma ubao ukasereka ubavu bila magurudumu kung'ang'ania. Mimi hapa Nakuru nina Spitfire Formula Four za 52, mwaka wa pili sasa, bado ni duara. Bones STF pia ni sawa. Ukiweka laini utakuwa unaruka kama uko juu ya godoro.

Mulembe_Skeiti · saa 2:52 usiku

Mtu amesema kilomita 3 za lami, wewe unamjibu sakafu yako. Omera, usimsikize. Huyu jamaa skeiti yake yote ni kwenye baraza moja la terazo. Hajawahi kukutana na lami ya kokoto. Mimi niko Kakamega, najua ninachosema.

NaxVumbi · saa 2:54 usiku

Terazo si dhambi.

Mwalimu_Mstaafu · saa 3:40 usiku

Vijana, nipeni nafasi kidogo. Skeitibodi sijawahi kupanda, na kwa umri huu sitapanda, lakini mjukuu wangu anayo na fizikia nimeifundisha miaka mingi.

Hiyo herufi A ni kipimo cha ugumu kinachoitwa Shore, kwa jina la Mmarekani Albert Shore aliyetengeneza chombo chake miaka ya 1920. Kichongo kidogo kinasukumwa na springi dhidi ya kitu, na unasoma kimezama kiasi gani. Kipimo ni 0 hadi 100. Mpira wa tairi la gari ni kama 60 hadi 70. Gurudumu la 78A bado lina tabia ya mpira, la 99A limekaribia mwisho wa kipimo. Ndiyo maana kampuni nyingine hutumia B, ambayo namba yake iko chini kwa 20 hivi: 83B ni kama 103A. Kwa hivyo kijana asione 83 akadhani ni laini.

Sasa, mbona gurudumu gumu linachosha kwenye lami mbaya? Kila kokoto linapopita chini yake, gurudumu halinywei, na kwa kuwa halinywei, linakuinua wewe mzima, kilo zako zote, nusu milimita, halafu linakuangusha. Mara mia kadhaa kwa kila mita chache. Nguvu uliyosukuma kwa mguu ili uende mbele imeishia kwenye kukutikisa meno. Gurudumu laini linalimeza lile kokoto, ubao unapita juu umetulia. Kwenye terazo mambo yanageuka: hakuna kokoto la kumeza, na gurudumu laini linapoteza nguvu kwa kubonyea na kurudi, kubonyea na kurudi. Kwa hivyo wote wawili mko sawa, kila mtu kwenye uwanja wake.

Kipenyo nacho kina kazi yake. Gurudumu kubwa linalikabili jiwe kama mtu anayepanda kilima chenye mteremko wa pole. Dogo linakutana na ukuta. Harage lako, kijana wa Kondele, lilikuwa ukuta.

Na mfahamu kwamba hayo mnayoyaita magurudumu mabaya ndiyo yaliyokuwa ya kawaida zamani. Watoto wa Marekani walianza na ya chuma, yakaja ya udongo mgumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana aitwaye Frank Nasworthy aliyaona magurudumu ya poliyurethani, kitu kinachobonyea na kurudi kama mpira, kwenye kiwanda kimoja cha Virginia, yaliyotengenezwa kwa ajili ya viatu vya skeiti vya kukodisha. Wenye viatu hawakuyapenda, yalikuwa yanashika mno sakafu. Yeye akayafunga kwenye skeitibodi, akaenda nayo California, akayauza kwa jina la Cadillac Wheels. Mchezo wote ukabadilika.

Omera_wa_Kondele · saa 3:55 usiku

Erokamano japuonj, asante mwalimu. Hapo kwa kilima na ukuta nimeelewa kabisa.

FundiBeringi · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Mimi nauza beringi za mashine na mota hapa mjini Nakuru, na skeitibodi nimepanda miaka kama tisa. Nataka kuzungumzia pesa, maana hapo ndipo watu huumia.

Seti ya magurudumu manne ya kampuni zinazojulikana huko nje ni kati ya dola 30 na 40. Piga hesabu kwa shilingi, uko kwenye elfu nne na ushee kabla hujaongeza nauli ya mzigo na ushuru. Kuna za bei nafuu zaidi kama Mini Logo, ambazo ni za nyumba ileile ya Powell Peralta, lakini hata hizo zikifika Kisumu zimeshapanda. Kwa hivyo, ndugu yangu, ukikuta mtu anakuuzia seti mpya kabisa ya jina kubwa kwa Sh 900, anakuuzia jina tu.

La pili: usitumie hata shilingi moja kwenye beringi. Beringi ya skeitibodi ni 608. Tundu 8 mm, nje 22 mm, upana 7 mm. Ni ileile iliyo kwenye mota ndogondogo na vifaa vingine vingi. Watu wanakuja dukani kwangu wanaulizia "ABEC 11". Kipimo cha ABEC kinapanda kwa namba witiri, 1, 3, 5, 7, 9, na hapo kwenye 9 ndipo kinaishia. Na kinapima usahihi wa kuchongwa tu, hakisemi lolote juu ya kuruka ngazi wala kula vumbi. Bones wenyewe hawakiandiki kwenye beringi zao. Ukiwa na 608 yoyote ambayo haijashika kutu na inazunguka bila kukwaruza, inakutosha. Weka hela kwenye yurethani, ile poliyurethani ya Mwalimu.

Mama_Wawili · saa 4:05 asubuhi

Niliona kichwa cha uzi nikaingia haraka. Kijana wangu ana miaka 13, tuko Section 58, Nakuru. Mwezi uliopita nilimnunulia magurudumu kwenye duka moja la mtandaoni, silitaji. Picha ilisema PU, yaani poliyurethani, 99A, 54 mm. Yalipofika, mtoto alitembea nayo mara moja akarudi ananiangalia kama mtu aliyepewa chai bila sukari. Akaniambia, "Mama, hizi ni za troli." Nilipotaka kurudisha niliambiwa yameshatumika. Sasa nauliza, mtu ambaye si wa mchezo huu anajuaje kabla ya kulipa?

FundiBeringi · saa 6:30 mchana

Pole sana mama. Mtandaoni ni vigumu, lakini kitu ukiwa nacho mkononi, kuna njia.

Kwanza ukucha. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye sehemu inayogusa chini. Yurethani, hata ya 99A, inakubali kidogo na alama inapotea. Plastiki inakataa kabisa, ama inabaki na mchirizi mweupe.

Pili, liangushe kwenye saruji kutoka kiunoni, bila beringi. Yurethani nzuri inadunda, inarudi juu kama inataka tena. Plastiki inalia "ka-ka-ka" kama kikombe na kulala. Hii ndiyo naiamini kuliko zote, maana kudunda ndiko kurudisha nguvu aliyozungumzia Mwalimu.

Tatu ni ndoo ya maji. Toa beringi, tumbukiza gurudumu. Likielea, hiyo ni plastiki, mrudishie mwenyewe. Likizama bado hujajua, kwa sababu kuna plastiki zinazozama pia, kama ile ya mabomba ya maji. Ndoo inaweza kukataa tu, kukubali haiwezi.

Halafu chungulia pale beringi inapokaa. Iingie kwa kusukumwa na itulie. Ikiingia kwa kidole na kucheza kama jino la mtoto, tundu limeshapanuka, achana nalo hata kama ni la dhahabu.

Mama_Wawili · saa 6:41 mchana

Nimeenda nikayaangusha jikoni. Ka-ka-ka. Paka amekimbia.

Mulembe_Skeiti · saa 6:50 mchana

Na kama ni ya mitumba, rangi isiwatishe. Yurethani nyeupe ikikaa juani inageuka njano kama meno ya mzee wa kiko, lakini inaweza kuwa nzima. Ya kuogopa ni nyufa ndogondogo, ama ukibonyeza vipande vinamomonyoka. Hiyo imezeeka. Tena zungusha uone kama kuna bapa, mahali palipolika pakawa kama kisigino. Bapa moja na utasikia tak-tak-tak mpaka nyumbani.

Omera_wa_Kondele · saa 7:15 mchana

Asanteni. Swali la kijinga: nikiwa sokoni nitajuaje ni 52 ama 56? Hayajaandikwa yote, mengine maandishi yamefutika.

FundiBeringi · saa 7:22 mchana

Si la kijinga. Chukua utepe wa fundi nguo, zungushia gurudumu. Mzingo ukiwa sentimita 16 na milimita 3, hiyo ni 52. Sentimita 17 kasoro kidogo sana, 54. 17 na nusu, 56. Karibu 19, uko kwenye 60. Ni kugawanya kwa 3.14 tu.

NaxVumbi · saa 8:03 mchana

Sawa, nakubali kwamba kwa kilomita 3 za lami 52 za 99A zitamtesa. Lakini mkimpeleka 78A kabisa, jioni kwenye saruji atalia. Kuna katikati. 54 ama 55, ugumu wa 90 na kitu. Powell Peralta wana zile za Dragon za 93A ambazo zinasereka na bado zinameza kokoto. Ricta Clouds za 92A pia.

Mulembe_Skeiti · saa 8:05 mchana

Na Sh 2,500 atanunua harufu yake.

DadaWaRoller · saa 2:45 usiku

Hamjambo. Mimi si wa skeitibodi, mimi ni wa viatu vya skeiti, vile vya magurudumu manne, mawili mbele mawili nyuma. Tunafanyia mazoezi hapa Kisumu. Nimesoma uzi wote nikicheka, kwa sababu Mwalimu alishatoa jibu jana usiku, pale kwenye magurudumu ya viatu vya skeiti, na nyote mkalipita.

Magurudumu ya viatu hivyo hukaa kwenye beringi ya nje 22 mm, sawa na yenu. Yale ya kuchezea nje barabarani mara nyingi ni 62 mm, ugumu 78A. Ni yurethani ya kweli. Na kiatu kimoja kina manne, jozi ina manane. Jumapili pale soko la Kibuye viatu hivi huja kwenye marobota ya mitumba, na kwa kawaida kimoja kimekufa: ngozi imepasuka, ama kisimamisho cha mbele hakipo, ama ni saizi ya mtoto ambayo hakuna anayeitaka. Muuzaji anataka kukiondoa. Nunua magurudumu, kiatu mwachie.

Angalia mambo mawili. Viatu vingine vina ekseli ya 7 mm, kwa hivyo beringi yake ni 627, tundu lake halipiti kwenye traki zenu. Gurudumu lenyewe halina shida, toa hiyo beringi uweke 608 zako. La pili, usichukue viatu vya mstari mmoja ukidhani ni sawa. Magurudumu ya hivyo ni membamba na yamechongoka, hayafai kwenye ubao. Ila beringi zake nyingi ni 608, na jozi ina kumi na sita.

NaxVumbi · saa 2:58 usiku

62 itauma ubao, dada.

DadaWaRoller · saa 3:02 usiku

Muinue traki. Mnajua wenyewe mnafanyaje.

FundiBeringi · saa 3:20 usiku

Huyu dada amesema kweli. Omera, kati ya traki na ubao unaweka pedi. Kawaida 55 hadi 59 wanaweka ya milimita 3, kuanzia 60 milimita 6. Usiipuuze hiyo. Ukipinda, ubao unashuka upande mmoja, ukigusa gurudumu linasimama papo hapo. Utarudi kwa yule muuza mahindi.

Omera_wa_Kondele · Jumapili, saa 11:50 jioni

Wadau, nimetoka Kibuye. Kaeni chini.

Nilifika saa 1 asubuhi, robota zinafunguliwa. Upande wa viatu nilizunguka kama saa moja, naona raba na buti tu. Mama mmoja aliyekuwa amepanga mikoba akaniambia nijaribu kwa yule wa vitu vya watoto, karibu na wanaouza vyuma chakavu. Hapo, chini ya kiti cha mtoto cha gari, nikaona kiatu cha rangi ya waridi. Kimoja. Moyo ukaniruka. Nikauliza mwenzake yuko wapi, jamaa akanyoosha mkono ndani ya gunia mpaka begani, akakitoa. Saizi 33. Lesi hakuna, na upande mmoja umechorwa na kalamu jina la mtoto wa huko ng'ambo.

Nilikuwa na utepe wa shangazi yangu mfukoni. Mzingo sentimita 19 na nusu, yaani 62. Nikabonyeza ukucha, ukazama kidogo na kurudi. Pembeni bado ilisomeka 78A. Nikamwomba niliangushe moja, akasema, "Ukilivunja umelinunua." Sikuwa na spana ya kulitoa, kwa hivyo nikaangusha kiatu kizima, kikadunda na kumgonga mteja mwingine kwenye mguu. Nikaomba msamaha. Bei alianza 2,000. Nikamwambia saizi 33 ya waridi atakaa nayo mpaka Krismasi. Akasema Krismasi ndiyo siku ya kununuliwa watoto. Hapo alinishika kweli. Tukapanda tukashuka, nikaondoka mara mbili, mara ya pili akaniita "omera, njoo". Sh 1,100, manane yote.

Nyumbani nimekuta beringi ni 627 kama Dada alivyosema. Nimetoa 608 zangu za zamani kutoka kwenye ile plastiki. Zilikuwa zimejaa vumbi, nywele na kitu kama ugali. Nimezilowesha kwenye petroli kidogo nje ya nyumba, mbali na jiko, nikazitikisa, nikazikausha, nikatia tone mojamoja la mafuta ya cherehani. Mbili zilikuwa na kutu ya ndani, nimenunua mbili kwa Sh 70 kila moja. Pedi nimekatiwa na fundi wa akala, mpira wa milimita 3, Sh 100 kwa zote. Kesho naenda chuo nayo.

FundiBeringi · Jumapili, saa 12:15 jioni

Milimita 3 kwa gurudumu la 62? Nilisemaje?

Omera_wa_Kondele · Jumapili, saa 12:18 jioni

Nikisimama katikati haugusi. Nimepima.

FundiBeringi · Jumapili, saa 12:19 jioni

Haya.

Omera_wa_Kondele · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Naomba kuripoti. Asubuhi kilomita mbili za kwanza sikuamini. Kabro ambazo zilikuwa zinaniumiza meno, sasa ni kama mtu anapapasa ubao kwa chini, sauti ni "mmmm" tu. Niliwapita wanafunzi wawili wa baiskeli. Nikasukuma mara moja pale nilipokuwa nasukuma mara tano.

Halafu nikakata kona karibu na geti la chuo.

Sina la kusema, nendeni mkasome posti ya Fundi. Chini ya ubao kuna alama mbili nyeusi zilizochongwa kama mwezi mwandamo, na mkono wangu wa kulia hauna ngozi kwenye kisukusuku. Mlinzi wa geti ameandika jina langu kwenye daftari la wageni, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya mirathi.

Mwalimu_Mstaafu · Jumatatu, saa 3:44 usiku

Pole kijana. Osha hicho kidonda kwa maji safi na sabuni kabla ya kulala, usimwagie petroli ya beringi.

Mulembe_Skeiti · Jumatatu, saa 3:50 usiku

Fundi amenyamaza. Kunyamaza kwake kunauma kuliko lami.

FundiBeringi · Jumatatu, saa 4:10 usiku

Sijanyamaza, nilikuwa nakula. Omera, ongeza tabaka la pili la akala, zifike 6. Bolti zako za sasa hazitafika, nunua ndefu zaidi kidogo, za unene wa milimita 5, kwenye duka la vifaa. Mpira wa akala hubonyea, kwa hivyo kaza tena baada ya siku mbili. Na zile nati za ekseli usizibadilishe ovyo. Traki nyingi zina uzi wa kiinchi, ukilazimisha nati ya M8, ile ya milimita, unaharibu ekseli na hapo ndipo Sh 2,500 yako itakapokwenda. Zungusha nati kwa vidole kwanza. Ikigoma, si yake.

Omera_wa_Kondele · Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 1:30 usiku

Siku kumi na moja. Tabaka mbili, bolti nane ndefu kwa Sh 160. Jumla nimetumia Sh 1,500 kamili. Nakata kona nikiwa nimeinama mpaka naona viatu vyangu, ubao haugusi.

NaxVumbi, kuhusu jioni ulikuwa na haki. Oli inatoka lakini ubao uko juu na mzito, nikitua unaruka kidogo kama mbuzi. Kusereka ndiyo sahau. Nilijaribu mara moja, magurudumu yakashika saruji na nikajikuta napiga makofi hewani. Lakini kati ya kilomita 3 kila asubuhi na oli nusu saa, naanza na asubuhi.

NaxVumbi · saa 1:52 usiku

Hapo sawa. Umebaki na elfu moja. Weka kando kila wiki kidogo, tuko watu watatu hapa Nakuru tunataka kuagiza pamoja, mzigo mmoja, nauli tunagawana. Utaingia kwa 54 za 99A. Kubadilisha ni dakika kumi na spana ya 13. Asubuhi unavaa za waridi, jioni za kiume.

DadaWaRoller · saa 1:55 usiku

Za kiume. Njoo Kisumu tushindane, nivae hizo za waridi.

NaxVumbi · saa 1:56 usiku

Nafuta kauli.

Mama_Wawili · saa 2:20 usiku

Omera, ulisema yalikuwa manane. Manne mengine uko nayo? Kijana wangu kila siku anapita barabara ya kokoto kwenda kwa rafiki yake, na yale ya troli nimeshayatupa.

Mulembe_Skeiti · saa 2:21 usiku

Mimi nilikuwa nimeshayatamani kimoyomoyo tangu Jumapili ile.

Omera_wa_Kondele · saa 2:26 usiku

Kimoyomoyo hakiingii kwa M-Pesa, Mulembe. Mama, ninayo. Niliyakagua jana, moja limelika kidogo ukingoni, lakini hakuna bapa. Liweke nyuma, na baada ya mwezi uhamishe mbele kulia liende nyuma kushoto, yalike sawasawa. Nipe 400 pamoja na nauli ya gari.

Mama_Wawili · saa 2:31 usiku

Na hizo pedi za akala?

Omera_wa_Kondele · saa 2:33 usiku

Nitamwambia fundi akate nne za ziada, hizo ni zawadi ya kijana. Bolti mtafute huko, na mwambie asikate kona kabla ya kuweka zote mbili kila upande. Mimi ni shahidi.

Mama_Wawili · saa 2:40 usiku

Nimetuma. Angalia simu.

Omera_wa_Kondele · saa 2:41 usiku

Imeingia, asante mama. Kesho saa 12 asubuhi yanapanda gari la Nakuru, nitakuandikia namba ya gari kwenye ujumbe wa ndani. Ukipokea bahasha inanuka omena usishangae, ndiyo karatasi niliyoipata.